Sola ya paani pekee haitalisafisha jengo la vioo

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ya Kenya ilitumbukia gizani kwa mara moja. Gridi ya taifa ilikuwa imeporomoka, na katika sehemu nyingi stima haikurejea hadi siku iliyofuata. Hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta haukusalimika, kwani jenereta ya sehemu moja ya uwanja huo ilikataa kuwaka wakati ilipohitajika mno, na wasafiri wakabaki wakipapasa gizani. Kwingineko jijini, jenereta zilizokubali kuwaka zilinguruma huku zikitema moshi wa dizeli vichochoroni.

Siku 10 baadaye, Septemba 4, wakuu wa mataifa ya Afrika walianza kukutana katika jumba la KICC, papo hapo katikati ya jiji, kwa kongamano la kwanza la bara hili kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Walipomaliza walitoa Azimio la Nairobi ambalo, pamoja na mengine, lilitaka uwezo wa Afrika wa kuzalisha kawi isiyochafua hewa upanuliwe kutoka gigawati 56 za mwaka wa 2022 hadi angalau gigawati 300 kufikia mwaka wa 2030.

Matukio haya mawili yanastahili kutazamwa kwa pamoja. La kwanza lilitukumbusha kwamba majengo ya afisi katika miji yetu yana mitambo miwili ya umeme: ule wa gridi unaoonekana kwenye mita, na ule wa dizeli uliofichwa chini ya jengo. La pili lilitutaka tuzalishe umeme kwa jua, upepo, maji na mvuke. Swali linalozuka ni hili: je, jengo la afisi lenyewe laweza kujizalishia umeme safi papo hapo lilipo, na kwa kufanya hivyo likapunguza gesi ya kaboni inayolichafua anga?

Jawabu linalosikika kila mahali ni sola. Mwenye jengo huambiwa atandaze paneli juu ya paa, apige picha, na tangu siku hiyo jengo lake liitwe safi. Simpingi anayetandaza paneli. Nchi iliyokatwa na mstari wa ikweta ikikosa kulitumia jua lake itakuwa kama mtu afaye kwa kiu ilhali miguu yake imo mtoni. Hoja yangu ni kwamba paneli ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni kiasi cha umeme ambacho jengo hulitumia, pamoja na aina ya uchafu ambao paneli hizo huuondoa. Nusu hii haionekani kutoka barabarani, na kwa sababu hiyo husahauliwa.

Tuanze na mfano ulio karibu. Mwezi wa Machi, 2011, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Ban Ki-moon, na Rais Mwai Kibaki walifungua afisi mpya za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi. Afisi hizo zilijengwa kwa ajili ya watumishi wapatao 1,200 wa mashirika ya UNEP na UN-Habitat. Juu ya mapaa yake zilitandazwa paneli za sola zenye eneo la mita 6,000 za mraba na uwezo wa kilowati 515. Ilikadiriwa kwamba kwa mwaka mmoja zingezalisha yuniti zipatazo 750,000 za umeme, yaani kiasi kinacholingana na mahitaji ya majengo hayo.

Wengi waliosimuliwa habari za Gigiri walikumbuka paneli, wakasahau mengine yote. Wasanifu wa afisi hizo walianza kwa kuuliza jinsi ya kuyapunguza matumizi. Hawakujenga mnara, walijenga majengo manne ya orofa chache yaliyounganishwa kwa vijia. Kati yake waliacha nafasi za wazi ambamo mwanga wa jua huingia hadi chini, na hewa yenye joto hupanda juu na kutoka yenyewe huku hewa baridi ikiingia kupitia madirishani. Kwa hiyo watumishi hawakuhitaji viyoyozi. Taa ziliunganishwa na vifaa vinavyozizima kukiwa na mwanga wa kutosha au chumba kikiwa kitupu. Kompyuta kubwa za mezani zilibadilishwa kwa zile ndogo za kubebeka ambazo hutumia umeme kidogo. Paneli zilikuja kukamilisha kazi ambayo tayari ilikuwa imefanywa na ramani ya jengo.

Huenda msomaji akasema kwamba Gigiri ni mahali pa pekee, penye jua jingi na uwanja mpana. Basi tuvuke bahari hadi Seattle, mji wa Marekani unaojulikana kwa mawingu na manyunyu yake. Mwezi wa Aprili, 2013, jengo la afisi liitwalo Bullitt Center lilifunguliwa huko. Lina orofa 6, na paneli zake zina uwezo wa kilowati 242. Wajenzi walipogundua kwamba paa halitoshi, walizitokeza paneli nje ya kuta, zikawa kama ukingo wa kofia pana. Ndani yake, madirisha hujifungua na kujifunga kulingana na hali ya hewa, na ngazi iliwekwa mbele kabisa, kwenye vioo vinavyoonyesha mandhari ya mji, huku lifti ikitiwa pembeni, ili mtu apendelee kupanda kwa miguu. Jengo hilo liliweza kuzalisha kwa mwaka umeme usiopungua ule lililoutumia, chini ya anga ambayo mkazi wa Nairobi angeiita ya Julai mwaka mzima.

Mifano hii miwili ina jambo moja linalofanana: majengo yenyewe si marefu. Hapa ndipo hesabu inapokuwa kali, na walimu wa hisabati wanaweza kuifanya na wanafunzi wao ubaoni.

Tuchukue jengo ambalo kila orofa yake ina mita 1,000 za mraba. Paa lake nalo lina mita 1,000, lakini juu ya paa kuna matangi ya maji, mtambo wa lifti, minara ya simu na njia za mafundi. Tuseme nusu ya paa imebaki kwa paneli, yaani mita 500. Kwa paneli za siku hizi, eneo hilo hubeba kama kilowati 100. Katika jua la Nairobi, kila kilowati huzalisha takriban yuniti 1,450 kwa mwaka. Kwa hiyo paa lote litatoa yuniti 145,000. Sasa tuseme kila mita ya afisi hutumia yuniti 100 kwa mwaka, kiwango ambacho si cha juu kwa afisi yenye viyoyozi na lifti. Orofa moja itahitaji yuniti 100,000, na jengo la orofa 20 litahitaji yuniti milioni 2. Paa limelipa sehemu ya saba hivi katika kila mia.

Tufanye hesabu hiyo upya kwa jengo la orofa 3. Tuseme paa lilipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya paneli, hata zikaenea mita 800, na matumizi yameteremshwa hadi yuniti 60 kwa kila mita. Jengo zima litahitaji yuniti 180,000 kwa mwaka, na paa litazalisha yuniti 232,000. Jua ni lile lile na paneli ni zile zile. Kilichotofautisha jengo linalojitosheleza na lile linalojigamba ni urefu wake na ulafi wake.

Wako wanaodhani kwamba upepo utaziba pengo hilo. Kule Manama, mji mkuu wa Bahrain, kuna jumba la afisi lililokamilika mwaka wa 2008 lenye minara miwili iliyochongwa mfano wa matanga ya jahazi. Kati ya minara hiyo pana mitambo mitatu ya upepo, kila mmoja wa kilowati 225, na umbo la minara yenyewe huusukuma upepo wa baharini uelekee kwenye mapanga ya mitambo hiyo. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo, waliolibuni jumba hilo walitarajia upepo uliopatikana ulipe asilimia 11 hadi 15 tu ya mahitaji ya umeme. Ikiwa jumba lililojengwa makusudi kwa ajili ya upepo, ufukweni kabisa, hupata kiasi hicho, basi kibanda cha upepo kwenye paa la kawaida katikati ya mji ni pambo.

Ikiwa mambo ni hayo, mbona tunazidi kujenga minara ya vioo vitupu? Tazama majengo yaliyochipuka Upper Hill na Westlands katika miaka ya hivi karibuni. Mengi yamevishwa vioo kutoka chini hadi juu, pande zote nne, kana kwamba jua la mashariki, la magharibi na la utosini yote ni mamoja. Kioo hupitisha mwanga na joto, kisha hulizuia joto hilo lisitoke. Madirisha mengi hayafunguki. Mtu huketi humo katika jiji lililo mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ya nje ni ya kupendeza kwa sehemu kubwa ya mwaka, akatumia umeme kuipoza hewa ambayo jengo lenyewe limeitia joto. Kisha huteremsha mapazia kwa sababu ya mwako, akawasha taa saa sita mchana.

Ujenzi wa aina hii umeazimwa kutoka nchi ambazo jua ni adimu na baridi ndiyo adui. Huko kioo ni njia ya kulinasa joto. Sisi tumeliazima vazi la baridi tukalivaa juani. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, na katika jambo hili utumwa wetu unaonekana kila mwisho wa mwezi katika bili ya stima.

Mila hiyo haikupotea. Waliojenga Lamu walijua kwamba jua hushindwa kwa kivuli na unene wa ukuta. Nyumba zao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikasongamana ili kila moja iipe nyingine kivuli, na njia zikawa nyembamba ili jua lisipate pa kukaa. Katikati ya nyumba waliacha kiwanda cha kuingizia mwanga na kutolea hewa yenye joto. Baadhi ya afisi zilizojengwa Nairobi na Mombasa miongo kadhaa iliyopita nazo zilifuata busara hiyo: madirisha yalirudishwa ndani, na mbele yake yakawekwa mabamba ya saruji ya kukinga jua. Nakiri kwamba Mombasa, kwa joto na unyevu wake, si Nairobi, na yako majengo ya pwani ambayo hayawezi kuepuka viyoyozi kabisa. Lakini hata huko, ukuta wenye kivuli hukipunguzia kiyoyozi kazi.

Mfano wa siku za karibu zaidi upo Harare, Zimbabwe, mji wa nyanda za juu kama Nairobi. Jumba la Eastgate, la maduka na afisi, lilifunguliwa mwaka wa 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kwa mchwa, ambao huujenga mchuguu wenye njia za kuipitisha hewa. Usiku, feni huingiza hewa baridi inayopita katika saruji nzito na kuipoza. Mchana saruji hiyo huipoza hewa inayowafikia watu, na ile iliyopata joto hutoka juu kupitia mabomba. Jengo hilo halikuhitaji mtambo mkubwa wa kupoza hewa. Kila yuniti ambayo Eastgate halikuihitaji ni yuniti ambayo hakuna paneli iliyolazimika kuizalisha.

Tuingie sasa katika suala la uchafu unaoondolewa. Watu wengi huhesabu hivi: paneli zimezalisha yuniti kadha, kwa hiyo kaboni kadha imeepukwa. Hesabu hiyo ni sahihi katika nchi inayochoma makaa ya mawe, kama Afrika Kusini. Kenya ni tofauti. Kwa miaka ya hivi karibuni takriban asilimia 90 ya umeme wetu imetokana na kawi jadidifu: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, na sola kama ile ya Garissa iliyozinduliwa mwaka wa 2019. Tangu Novemba, 2022, tumekuwa tukinunua pia umeme wa maji kutoka Ethiopia.

Kama mwanaisimu, siwezi kulipita neno lenyewe. Mkenya husema stima. Neno hili lilitokana na Kiingereza, na lilipoingia lilikuwa jina la meli zilizoendeshwa kwa mvuke. Kisha likahamia kwenye umeme. Kwa miongo mingi maana hiyo ilikuwa imeachana na asili yake, kwa kuwa umeme wetu mwingi ulitoka kwa maji. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulipoanza kazi mwaka wa 1981, mvuke ulirudi mlangoni, na leo mvuke wa ardhini ndio chimbuko kubwa kuliko yote la umeme wa Kenya. Stima imekuwa stima kweli.

Maana yake ni kwamba yuniti ya sola inayochukua nafasi ya yuniti ya Olkaria haijaondoa kaboni ya kutajika. Imehama kutoka usafi mmoja hadi mwingine, ingawa huenda imempunguzia mwenye jengo gharama. Faida ya kweli kwa anga hupatikana mahali pawili. Mosi, ni pale umeme wa jua wa mchana unapotuwezesha kuyahifadhi maji ya Masinga na mabwawa mengine hadi jioni. Mahitaji ya nchi hupanda sana baada ya jua kuchwa, watu wanapowasha taa na kupika, na ndipo mitambo inayochoma mafuta huamshwa. Bwawa lililopumzika mchana lina nguvu zaidi jioni. Waliokumbuka ukame wa mwaka wa 2000, uliotuletea mgao wa umeme, hawahitaji kuelezwa thamani ya maji yaliyosalia bwawani.

Pili, na hili ndilo lililo mikononi mwa mwenye afisi, ni jenereta. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za gesi ya kaboni. Jenereta ya jengo hupata kama yuniti 3 kwa kila lita, na hivyo kila yuniti yake hubeba karibu kilo 0.9 za kaboni, mbali na moshi na masizi yanayovutwa na wachuuzi walio kando ya ukuta. Yuniti 10,000 za jenereta zikiondolewa, tani 9 hivi za kaboni hazitaifikia anga. Huo ndio uchafu ambao paneli zetu zingepaswa kuuwinda kwanza.

Kwa bahati mbaya, paneli nyingi za mapaani hazimgusi adui huyo. Mfumo wa kawaida wa sola uliounganishwa na gridi hujizima gridi inapozimika. Inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, imetengenezwa hivyo makusudi ili isiupeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi huenda anazishika akijua kwamba zimekufa. Kwa hiyo stima ikipotea saa saba mchana, jua likiwa utosini na paneli ziking'aa, jengo hunyamaza. Kisha jenereta hunguruma chini. Dawa ni kuongeza betri na inveta inayoweza kulitenga jengo na gridi. Betri hazihitaji kulibeba jengo lote. Zikibeba taa, kompyuta, mitambo ya mawasiliano na lifti moja, jenereta itaachwa kuwa kimbilio la mwisho.

Kwa nini basi wenye majengo hawafanyi hivyo? Sababu kubwa ni kwamba anayelipa si anayefaidi. Majengo mengi ya afisi ni ya kukodisha. Mwenye jengo akinunua paneli, betri na vikinga jua, atakayepunguziwa bili ya umeme ni mpangaji. Mpangaji naye hawezi kutia pesa katika paa ambalo si lake, kwa mkataba wa miaka michache. Gharama za dizeli huongezwa katika ada ya huduma na kugawiwa wapangaji wote, na kwa hivyo hakuna anayeihisi vya kutosha. Kila mmoja akimtazama mwenzake, jua linachwa.

Njia za kulifungua fundo hili zipo. Katika jumba la maduka la Garden City, kando ya barabara ya Thika, paneli zenye uwezo wa kilowati 858 ziliwekwa mwaka wa 2015 juu ya maegesho ya magari. Zinatoa umeme na kivuli kwa pamoja. Mipango ya namna hiyo hufanywa mara nyingi kwa mkataba ambao kampuni ya sola hugharamia mitambo yote, kisha humuuzia mwenye jengo umeme kwa bei waliyokubaliana kwa miaka kadhaa. Mwenye jengo naye anaweza kukubaliana na wapangaji wake wagawane faida. Linalohitajika ni kuiandika faida hiyo katika mkataba wa kodi.

Sheria nayo ina sehemu yake. Afisi hufungwa Jumamosi mchana hadi Jumatatu, lakini jua halina wikendi. Umeme wa siku hizo huenda wapi? Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 ilimruhusu mtumiaji aliyejizalishia umeme kuupeleka wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa katika bili yake, na kanuni za kuitekeleza zilitolewa mwaka wa 2024, kwa mitambo isiyozidi megawati 1. Ni hatua njema, ingawa ilichukua miaka 5 kutoka sheria hadi kanuni. Ushuru nao umeyumba: mwaka wa 2020 vifaa vya sola vilitozwa ushuru wa thamani ya ziada, na mwaka uliofuata vikaondolewa tena. Mtu anayepanga mradi wa miaka 20 hawezi kujenga juu ya mchanga unaohama kila bajeti.

Aidha, serikali za kaunti, ambazo huidhinisha ramani za majengo, zinaweza kufanya jambo ambalo halihitaji pesa nyingi. Kabla ya kuipiga ramani muhuri, zimtake mwenye jengo aeleze kila mita ya mraba itatumia yuniti ngapi kwa mwaka, pande za mashariki na magharibi zimekingwa vipi na jua, na madirisha yatafunguka au la. Kisha jengo likikamilika, takwimu za mita zitangazwe mlangoni kama zinavyotangazwa bei za mafuta katika kituo cha petroli.

Nasema takwimu kwa sababu lugha pekee imeanza kutuhadaa. Siku hizi tunasikia kuhusu "jengo la kijani". Neno hilo limetafsiriwa sisisi. Katika Kiswahili kijani ni rangi ya jani. Hakijawahi kuwa jina la wema. Mtu akisikia jengo la kijani ataangalia rangi, naye mwenye jengo atampa rangi: miche michache kwenye veranda na paneli chache zinazoonekana vizuri kutoka barabarani. Tungesema "jengo lisilo lafi" au "jengo lenye matumizi haba", msikilizaji angeuliza mara moja: haba kiasi gani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jengo safi kweli halihitaji sifa za mdomo. Mita yake italisemea.

Nigeukie wasomaji wa ukurasa huu, walimu na wanafunzi. Hesabu tuliyoifanya inaonyesha kwamba mahali panapofaa zaidi kwa umeme wa paani si minara ya Upper Hill. Ni majengo mapana yenye orofa chache, yanayotumika mchana. Ni shule na vyuo. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilitandaza paneli za kilowati 600 juu ya mapaa ya majengo yake mwaka wa 2014, kikafanya na makubaliano ya kuiuzia kampuni ya Kenya Power umeme wa ziada. Afisi za wasimamizi, maktaba, maabara za kompyuta na kumbi za mihadhara hufanya kazi saa zile zile ambazo jua hufanya kazi. Ni nadra kupata mlingano mwema kama huo.

Lakini hata kabla ya paneli ya kwanza kununuliwa, kuna kazi isiyogharimu senti. Darasa moja liandike namba za mita ya jengo lake kila asubuhi na kila jioni kwa muhula mmoja. Lipime eneo la sakafu na la paa. Lihesabu taa zinazowaka mchana, madirisha yasiyofunguka, na saa ambazo jenereta ilinguruma pamoja na lita ilizokunywa. Mwishoni litajua mambo ambayo mameneja wengi wa majengo hawayajui: jengo lao linakula kiasi gani kwa kila mita, na uchafu wake unatoka wapi hasa. Mwanafunzi aliyefanya kazi hiyo akija kuwa msanifu, mhandisi, diwani au mpangaji wa afisi, haitakuwa rahisi kumdanganya kwa kioo kinachong'aa.

Jua halitakatika kesho wala kesho kutwa. Haraka iko upande wetu. Jengo linalojengwa mwaka huu litasimama kwa miaka 50 au zaidi. Paneli zake zitabadilishwa mara moja au mbili, na betri mara nyingi zaidi, lakini kuta zake zikishatazama jua vibaya zitalitazama vibaya hadi siku ya kubomolewa. Ramani zinazopigwa muhuri leo katika afisi za kaunti ndizo zitakazoamua kama watoto wetu watalipia viyoyozi au watafungua madirisha.